Mama Athanasie Uwimbabazi, Mwalimu wa Mwaka wa Pili (1974–2025)

Ndugu mliopanda mlima huu kutusindikiza, tunayemlaza leo ni Mama Athanasie Uwimbabazi, ambaye wengi wenu mlimwita tu Mama Mwalimu. Alizaliwa Burungu, Masisi, tarehe 14 Machi 1974, mtoto wa tatu wa marehemu Papa Gatera, mfugaji, na Mama Mukamurenzi.

Alisoma shule ya msingi palepale Burungu, kisha akaenda Kitchanga kusomea ualimu. Mwaka 1993 vita vilifunga shule, akarudi nyumbani kukamua ng'ombe wa baba yake. Wenzake wengi hawakurudi tena darasani. Yeye alirudi, akapata diplome yake mwaka 1997.

Septemba 1998 alipewa kufundisha darasa la mwaka wa pili pale Burungu, na hakukubali kupewa darasa lingine hadi mwisho. Kila Jumatatu alibandika mlangoni karatasi ya kusema wiki hiyo watoto watasoma nini, na siku gani kuna jambo: Jumanne kutoa kwa kukopa, Jumatano kupanda maharagwe, Ijumaa wazazi waje wasikie watoto wakisoma. Wiki moja aliandika: "Alhamisi, somo la litre. Kila mtoto alete kikombe cha maziwa." Ijumaa yake Papa Viateur, mfugaji jirani, alifika shuleni.

"Mama Mwalimu, mutoto anasema litre moja iko vikombe ine, lakini ya jana ilibakia mbili. Hiyo hesabu iko namna gani?"

"Papa," alimjibu bila kucheka, "somo wameikunywa mbele ya mimi kuimaliza."

Tarehe 11 Agosti 2001 alifunga ndoa na Papa Damien Ntwari, seremala aliyekuja kutengeneza mabenchi ya darasa lake na, kwa maneno yake mwenyewe, akachelewa kuyamaliza kwa makusudi. Walipata watoto watatu: Mahoro, Habumugisha na Murekatete.

Februari 2023 risasi zilifika Burungu mchana, masomo yakiendelea. Mama Athanasie alitoka na wanafunzi wake thelathini na mmoja, wameshikana mikono wawili wawili, akatembea nao mpaka kila mmoja akapata mtu wa kwao barabarani. Murekatete wake, mwenye miaka kumi na minne, alikuwa shule nyingine, ng'ambo ya kilima. Hakuonekana tena. Jambo hilo Mama Athanasie alilisema mara moja tu, kwa mdogo wake Claudette: "Nilirudisha watoto ya watu wote. Wangu njo nilimukosa."

Kalembe, walikokimbilia, alianza upya chini ya bashi, turubai la wakimbizi, watoto wakiandika kwa makaa juu ya vipande vya mbao. Karatasi ya Jumatatu ikarudi, imefungwa kwa kamba kwenye mti wa kushikilia bashi. Mwalimu mwenzake, Mama Emérita, alimuuliza: "Watu wanapanga kukimbia tena. Unaandika ya Ijumaa ya nini?"

"Njo maana ninaandika. Mutoto akijua Ijumaa iko na kitu, analala."

Alikuwa na ugonjwa wa sukari tangu 2016. Barabara zilipofungwa, dawa zilikosekana. Vidonge vilivyobaki alivikata nusu, kisha robo, bila kumwambia mume wake. Jumatano, tarehe 21 Mei 2025, alianguka mbele ya watoto. Wanaume wanne walimbeba kwa kipoyi, machela ya miti, kuelekea hospitali ya Walikale. Kabla hawajamwinua alimshika Mama Emérita kitenge. "Ijumaa musivunje. Wazazi walishaambiwa."

Njiani wenye bunduki waliwazuia muda wa saa nne, wakingoja ruhusa ya mkubwa wao. Alifariki Alhamisi saa tatu asubuhi, hospitali ikiwa bado mbali, mkono wake katika mkono wa Papa Damien.

Jana, Ijumaa, watoto walisoma. Wazazi walikuja wote, hata wale ambao hawakuwahi kuja. Hakuna aliyepiga makofi.

Ameacha mume wake, Papa Damien. Mama yake mzazi, Mama Mukamurenzi. Mdogo wake Claudette. Na watoto wake Mahoro na Habumugisha. Murekatete hatujui tumwandike wapi. Mama Athanasie alikataa mtoto huyo asomewe misa ya wafu, kwa hiyo tumemwandika hapa, kati ya walio hai.

Mama Mwalimu, upumzike kwa amani ambayo sisi hatukuweza kukupa.