Mkokoteni Unaogeuza Shingo Kwanza

Mgeni rasmi, Bwana Afisa wa Wilaya, assalamu aleikum. Utuwie radhi: fundi wetu Siyad bado yuko chini ya mkokoteni anakaza nati. Ametuambia tuanze kusoma, anasikia.

TULIKOTOKA
Sisi ni mafundi redio saba wa Garissa, na hakuna aliyesomea kazi hii. Mwaka jana, 1996, tulichukua mota za waipa za malori yaliyokufa Modogashe, betri, na mkokoteni wa punda. Sasa unajiendesha wenyewe, ukifuata mstari wa chokaa kutoka kisimani hadi zahanati, na mitungi minne ya maji ya wodi ya wazazi. Siku ulipofika mara ya kwanza, tulikimbia kando yake kama watoto.

MAKOSA YETU
Kwanza tuliufunga kengele ya mti, ile ya ngamia, ili watu wapishe. Watu walisogea na vikombe, wakidhani maziwa yamekuja. Sisi tuliokulia machungani hatukuliwaza hilo.

Tukaweka taa ya manjano ya kuonyesha unapopinda. Mwezi wa Machi, penye kona, mkokoteni ulimgonga Eddo Fatumo, shangazi wa mtaa mzima, kifundo cha mguu. Kamati ya kisima ikausimamisha, na hatuilaumu. Tulipokwenda kumpa pole, mwenzetu Nunow alisema, "Lakini Eddo, taa ya manjano iliwaka."

"Nilidhani mmeupamba kwa arusi," akajibu. "Ngamia akitaka kupinda, shingo hutangulia. Huu wenu una makalio tu."

MAFANIKIO
Tumeupa shingo: mbao ndefu yenye kitambaa chekundu. Shingo hugeuka, unahesabu hadi tatu, ndipo magurudumu hufuata. Ukitaka kusimama, shingo huinama. Jana tuliujaribu hapa uwanjani. Watu ishirini walipita mbele yake, wawili wakiwa wageni kutoka Dadaab ambao hatukuwaeleza lolote. Wote walipisha upande uliofaa. Eddo alipita mara mbili, ya pili kwa kupenda tu.

OMBI
Kamati inangoja neno lako. Juzi mkunga Hamda alimwacha mzazi peke yake akaenda kuchota maji. Mtoto alizaliwa kabla hajarudi. Wazima wote wawili, alhamdulillahi, lakini Hamda hataki kuulizwa habari za siku hiyo.

Hata hivyo, usituruhusu leo. Tangu leo asubuhi shingo ikigeuka kushoto hukwama katikati, na nati yake ndiyo anayoikaza Siyad. Tunakuomba uje kesho asubuhi, usimame penye kona. Hatutakueleza kitu. Ukijua mwenyewe mkokoteni unakokwenda, basi tupe ruhusa.

Mungu akulinde wewe na jamaa zako, na njia yako iwe nyepesi.

Ni sisi, Mafundi Redio wa Kisimani, Garissa.
Imesomwa na Zakariye, katibu.