Maji ya Kibuye na Maji ya Jiwe

Gari la Kombewa lilipotoka Kibuye, Beldina alianza rozari yake. Hakufika mbali, maana waliokaa mbele yake walikuwa na maneno matamu kuliko yake.

Mama mmoja kutoka Bungoma, Nabututu, alikumbatia chupa ya maji yaliyobarikiwa na Padri kanisani Kibuye asubuhi ile. Alikuwa akimpelekea mjukuu wake aliyelazwa Kombewa. "Lakini kwanza nashukia Kit Mikayi," alimwambia jirani yake, mzee wa Seme. "Wanasema maji ya lile jiwe huponya. Nitaongezea humu humu."

"Mama, kwa lugha yetu jina hilo ni jiwe la mke wa kwanza," mzee akasema. "Umeona wapi mke wa kwanza akalala nyumba moja na mwenzake?"

"Kwani Mzee, mwenye boma si mmoja?"

Beldina, ambaye marehemu mumewe alimwoa wa kwanza kati ya wake wanne, hakuweza kunyamaza. Alimalizia maji yake ya kunywa, akapitisha chupa tupu mbele. "Chukua, dada. Kila mmoja awe na nyumba yake."

"Asante, Mama."

"Haya," mzee akasema, "na mtoto ataanza kunywa ya nani? Kwetu hata kupanda mahindi, mke wa kwanza ndiye huanza."

Gari likasimama. Nabututu alishuka na chupa zake mbili, akageuka kujibu, na utingo akafunga mlango.