Ruhusa Niliyokuwa Nayo

Ndugu zangu, asalaam aleikum, na walio Wakristo, amani iwe nanyi. Wazee wangu, shikamooni. Mkiniona nimevuta kiti nikakaa katikati ya maneno, msishtuke. Habari hii sijawahi kuimaliza nikiwa nimesimama.

Wengi wenu mnanijua kama mtendaji wa kata. Kabla ya hapo nilikuwa mtendaji wa kijiji huko mwambao wa kaskazini, kijiji kisicho na barabara. Unapanda boti Kibirizi asubuhi, unashuka jua limeshakuwa kali. Mimi ni mzaliwa wa hapa hapa Ujiji. Nilipopangiwa kule, mume wangu, Mungu amrehemu, aliomba uhamisho akanifuata. Alikuwa tabibu. Basi zahanati ikawa yake na ofisi ya kijiji ikawa yangu, na watu wakatutania kwamba serikali yote ya kijiji inalala nyumba moja.

Kazi ile nilipewa barua na muhuri, nikaambiwa nenda. Hakuna aliyenikalisha chini akanieleza uwezo wa mtendaji unaanzia wapi na unaishia wapi. Nilijua kuitisha mikutano, kusuluhisha ugomvi wa mashamba na kupokea wageni kutoka wilayani. Siku za kawaida, hayo yanatosha.

Kisha wakaja wakimbizi. Walishuka milimani kwa miguu kutoka ng'ambo ya mpaka, kina mama na magodoro kichwani, wazee wamebebwa mgongoni. Kijiji chetu kilikuwa na ufukwe mmoja tu, na pale ndipo walipokaa kusubiri meli ya kuwapeleka Kigoma. Wenyeji waliwapokea vizuri, hilo niseme wazi. Lugha yao na Kiha ni ndugu, wanaelewana. Mtu anakuomba amazi, maji, unampa, utamwulizaje anatoka wapi? Lakini walizidi kuja, na meli haikuja. Ufukwe ule ule watu walilala, walipikia, walijisaidia. Na pale pale wanakijiji walichota maji ya kunywa.

Siku moja asubuhi mume wangu alikuja ofisini bila kupiga hodi. Alikuwa na wagonjwa wa kuharisha zahanati nzima, wengine amewalaza chini kwenye kanga zao. Akaniambia, "Mama watoto, hiki ni kipindupindu. Funga ule ufukwe leo. Watu wachote maji kule mtoni juu, na boti zishushie upande wa pili, kwenye mawe."

Nikamjibu, "Mimi nitafungaje? Sina amri hiyo. Ngoja nipige simu wilayani."

Kule simu ilishika ukipanda kilimani. Nikapanda. Nikapiga. Niliyempata aliniambia suala hilo linahitaji kikao cha wakubwa, nisubiri maelekezo. Nikashuka, nikasubiri. Kesho yake nikapanda tena, nikaambiwa timu inajiandaa, niendelee kusubiri. Ndugu zangu, nawaambia, nilisubiri kwa utii wote. Nilidhani huo ndio uongozi mzuri, kutofanya jambo ambalo hujaambiwa.

Watu wakaanza kufa. Wageni kwanza, halafu wenyeji. Mume wangu hakutoka zahanati. Dripu zilipokwisha alichemsha maji akachanganya chumvi na sukari, akawanywesha mmoja mmoja kwa kijiko. Nilimpelekea chakula, akaniambia nikiache mlangoni. Siku iliyofuata nilikuta sahani ya jana iko pale pale, haijaguswa. Niliingia nikamkuta amekaa chini, ameegemea ukuta, macho yameingia ndani.

Tulimpakia kwenye boti. Nilimshika kichwa mapajani. Tulipofika chini ya milima ya Gombe aliniuliza kama ufukwe umefungwa. Nikamwambia bado, nasubiri maelekezo. Hakusema kitu kingine tena. Kibirizi tulifika na maiti.

Hatukumwosha sisi. Watu wa afya waliokuja na mabuti na glavu walimfunga kwenye mfuko, wakamzika wao, sisi tumesimama mbali. Mama yake aliomba amguse mwanawe mguu tu. Akakataliwa.

Nilirudi kijijini kufunga nyumba, nikakuta mambo yamegeuka. Maneno yalikuwa yameenea kwamba wageni wamemwaga sumu ziwani. Wanaume walikuwa wanateremka na fimbo na mapanga kwenda kuwang'oa watu maturubai yao na kuwasukumia majini. Nilikimbia nikasimama katikati. Niliwaambia kwa Kiha kwamba mume wangu ameuawa na maji, hakuuawa na mtu. Sijui nani alirusha jiwe. Lilinipiga mdomoni. Ndiyo maana nikicheka mnaniona nafunika mdomo kwa ushungi. Walipoona damu, na wanajua mimi ni mjane wa wiki ile, wakaanza kuachia fimbo mmoja mmoja. Meli ilikuja baadaye, na maelekezo yakaja na meli.

Nilihamishiwa ofisi za wilaya. Huko ndiko nilikoanguka hasa. Nilikaa mezani toka asubuhi hadi jioni bila kugusa faili. Kwenye vikao nikiulizwa kitu natazama chini. Watoto wangu niliwaacha kwa mama mkwe, hapa Ujiji, nikapita siku nyingi bila kwenda kuwaona kwa sababu mkubwa ana sura ya baba yake. Nilifika mahali nikaogopa maji. Nachota maji ya udhu, mkono unakataa kuingia kwenye ndoo. Nikaacha kusali. Kina mama mlio humu, mtu anayeogopa maji na nyumba yake iko kando ya ziwa, anaishije?

Afisa utumishi wetu, mama mmoja mkali tuliyekuwa tunamkwepa korido, aliniita ofisini kwake. Nilijua nafukuzwa. Badala yake akaniambia kuna mafunzo ya uongozi na uandaaji wa sera kwa watumishi wa serikali za mitaa, chuoni Dodoma, na jina langu amelipeleka. Nikakataa. Nilimwambia ampeleke mtu mzima, mimi nimeshavunjika. Akasema ameandika jina langu na hafuti.

Nikaenda kumwambia mama mkwe nimekataa, nikitegemea ataniunga mkono. Ni mama wa Kiha, amekulia Kidahwe, hana maneno mengi. Alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo. Akasema watoto wako kwake na wanakula, kwa hiyo sina kisingizio. Asubuhi ya safari alinisindikiza mwenyewe stesheni, akasimama pale mpaka treni ikaondoka, nadhani alihofia nitashuka.

Chuoni nilikaa nyuma kabisa. Tulikuwa watumishi wa kila pembe, wengine wanatoka kwenye ugomvi wa wakulima na wafugaji, wengine migodini. Mwalimu alitutaka kila mmoja asimulie uamuzi mmoja mgumu uliowahi kumfika kazini. Zamu yangu ilipofika nilieleza kwa kifupi, kama mtu anayesoma taarifa. Nikasema sikuwa na ruhusa, nikakaa.

Nilidhani atanipa pole. Hakunipa. Aliniuliza taratibu, "Halmashauri ya kijiji chako ilikuwa na wajumbe?" Nikasema ndiyo. "Walikuwepo kijijini siku hiyo?" Ndiyo. Akafungua sheria, akatusomea. Halmashauri ya kijiji inaweza kukaa kikao cha dharura na kuchukua hatua kulinda afya ya wakazi wake, halafu wilaya ikaarifiwa. Ikaarifiwa, ndugu zangu. Siyo ikaombwa.

Ruhusa ilikuwa kwangu. Wajumbe walikuwa wamekaa kwenye vibaraza vyao, wananisubiri niwaite, na mimi niko kilimani na simu.

Nilitoka darasani. Nilikwenda chumbani nikafunga begi, halafu nikampigia mama mkwe. Sikutaka nimfiche, kwa kuwa aliyekufa ni mwanawe. Nikamwambia, "Mama, nimesomewa sheria leo. Ule ufukwe ningeweza kuufunga siku ile ile aliponiambia. Nakuja nyumbani."

Akasema, "Hukufundishwa. Sasa unafundishwa. Mwanangu hatarudi hata ukirudi leo. Kaa huko, ujue yote." Akakata.

Alilia, najua alilia. Watoto waliniambia baadaye kwamba jioni ile hakupika. Lakini mimi alinirudisha darasani.

Nilisoma kwa hasira. Nilijifunza kuandaa sheria ndogo ya kijiji, kupanga bajeti ya dharura kabla ya dharura, kuandika andiko la sera kwa lugha ambayo mkubwa ataisoma mpaka mwisho. Kulikuwa na zoezi la kusimama mbele ya umati wenye hasira, wanafunzi wenzangu wakijifanya umati. Mara ya kwanza nilishindwa kufungua mdomo. Niliomba nirudie, na nikarudia mpaka sauti ikatoka.

Niliporudi niliomba kupelekwa mwambao tena, nikapewa utendaji wa kata. Watu waliniona nimerukwa na akili. Nilipita vijiji vyote vya kata, nikikaa na wajumbe, nikiwaeleza kwa Kiha kile nilichoelezwa mimi Dodoma. Tukatunga sheria ndogo. Tukatenga pa kuchota maji na pa kupokea boti, tukachimba vyoo vya wageni ambao hawajaja. Mwenyekiti mmoja alinicheka wazi, akasema nachimbia mizimu.

Wakaja tena, safari hii kutoka ng'ambo ya ziwa, boti zimejaa mpaka maji yanaingia. Na kuharisha kukaja nao. Asubuhi ile ile tulikaa kikao, mchana ufukwe ukafungwa, na wilaya ikaarifiwa. Wavuvi walinitukana matusi ambayo siwezi kuyasema hapa, dagaa wao wameoza. Mwenyekiti yule aliyenicheka alisimama nao, akawaambia uamuzi ni wa halmashauri, si wa mwanamke huyu peke yake.

Sitawadanganya kwamba hakuna aliyekufa. Kilikufa kitoto kichanga cha mgeni, akafa na bibi mmoja mwenyeji aliyekuwa ananiuzia mihogo. Makaburi yao tuliyachimba jirani. Lakini hapakuwa na zahanati iliyojaa mpaka mlangoni, hapakuwa na mapanga, na tabibu wetu, binti mdogo aliyetoka chuoni juzi, yuko hai.

Udhu nimerudi kuchukua. Mkono bado unasita kidogo kabla ya kuingia kwenye maji. Usingizi mzima sipati. Kupona kwangu ndiko huku, sina kwingine.

Nawashukuru. Yule mama afisa utumishi ambaye hakufuta jina langu, popote alipo, Mungu amlipe. Wajumbe wa vijiji waliokubali kufundishwa na mtu aliyeshindwa mbele yao, asanteni. Mama mkwe wangu hayupo humu leo, miguu imemchosha. Huyo kumshukuru kwa maneno nimeshindwa, sasa naishi naye na namchotea maji kila asubuhi.

Na wewe kijana uliyenifuata nje ukaniambia umepata nafasi ya mafunzo lakini utaiacha kwa kuwa kazi ni nyingi: nenda. Usiende kwa ajili ya cheti, wala kupanda daraja. Nenda ukajue una uwezo gani, kwa sababu watu wako hawaujui, na siku watakapouhitaji hawatakuwa na muda wa kukusubiri.

Na ninyi wakubwa mnaopanga nani aende, naomba niseme kwa heshima. Muwapeleke watendaji wa vijiji vya mwisho, vile ambavyo hata boti haifiki kila siku. Muwapeleke sasa, wakiwa bado wana waume zao.