Bi Nota na Tarumbeta ya Mdogo Wake

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mwanamke ambaye bendi nzima ilimwita Bi Nota. Kwa miaka thelathini na mmoja aliwaandikia wapigaji karatasi zao za muziki.

Kazi yake ilikuwa hii. Tarumbeta ikisoma do, hutoa sauti iliyo chini ya do ya kinanda kwa hatua moja. Kwa hiyo Bi Nota alizipandisha nota za tarumbeta hatua moja kwenye karatasi, ili bendi ilingane. Alifanya hivyo kwa penseli, kwenye meza ya jikoni, na hakukosea.

Kisha bendi ikanunua kompyuta yenye programu ya kuandikia muziki. Mazoezi ya kwanza yakawa vurugu tupu. Tarumbeta ilikwenda kwake, wengine kwao. Na mpiga tarumbeta alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, fundi baiskeli.

"Masikio umeyaacha wapi leo?" Bi Nota alimfokea mbele za watu.

"Dada, nasoma ulichoandika."

"Usinifundishe kazi!"

Mdogo wake akafungasha tarumbeta, akaondoka. Wiki tano hawakusemezana. Wiki tano, wasikilizaji.

Bi Nota hakuelewa. Alikagua nota mojamoja, zote zikaonekana sawa. Mumewe anakumbuka: "Chai inapoa, yeye anauliza tu, ni mimi au ni mashine?"

Mwishowe aliweka daftari lake la zamani kando ya skrini. Kumbe! Programu ilikuwa imeshazipandisha nota yenyewe. Naye, kwa mazoea, akazipandisha tena.

Alikwenda gereji kwa mdogo wake na ndara zake za nyumbani.

"Ulisoma sawasawa," alimwambia. "Mimi ndiye niliyepandisha mara mbili."

Mdogo wake hakujua acheke au anune. "Loo, dada! Nami nilishaamini nimekuwa kiziwi."

Mazoezi yaliyofuata, Bi Nota alisimama akamwomba radhi mbele ya watu wale wale.

Bi Nota alifariki Jumanne iliyopita. Baada ya maziko, mdogo wake alifungua kompyuta achape kazi ya mwisho ya dada yake. Akachanganyikiwa. Wimbo waliouzoea miaka yote ulikuwa umeshushwa hatua tatu, ala zote, mwanzo hadi mwisho. Akadhani dada amekosea tena. Akaujaribu. Ukatoka wote, hata nota za juu.

"Tangu mwaka jana nota za juu zinanishinda," anatuambia. "Zikifika, najaza mashavu tu, wenzangu wananifunika. Sikumwambia hata mke wangu. Sasa dada alijuaje? Na mbona hakusema?"

Tumemuuliza mume wa Bi Nota. Naye hajui.

Kwa mume, kwa mdogo wake na kwa bendi yote: poleni sana, tunalia pamoja nanyi. Nawe unayetusikiliza, watazame watu wa nyumbani kwako leo. Ni nani ameanza kushindwa na jambo, na bado hajasema?