Mkunga Aliyeuliza Mara Moja

Katika zahanati ya jiji alikofanya kazi dada yetu kulikuwa na agizo la halmashauri: mgonjwa haulizwi ametoka nchi gani wala anaishi kwa kibali gani. Marehemu alilishika agizo hilo miaka ishirini na miwili. Alilivunja mara moja.

Alizaliwa tarehe 9 Juni 1958, mtoto wa kwanza wa fundi wa reli. Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya karakana, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1980 akahitimu ukunga. Sisi wadogo zake tulimwita Jenerali, maana hata kwenda kuoga tulipangwa foleni.

Mwaka 1984 aliolewa na dereva wa malori, shemeji yetu mpenda utani. "Mke wangu, nikichelewa kidogo tu maswali kumi. Huko kazini unanyamazaje?"

"Huko nalipwa ninyamaze, baba. Hapa nauliza bure."

Alihamia zahanati ya mtaa wa viwanda mwaka 1989. Wengi waliokuja pale walikuwa wageni wasio na vibali: wafagiaji, wapagazi, waosha vyombo. Walitaja majina na anwani walizotaka, naye akawapima bila makeke.

Machi 2011 alikuja muosha vyombo mmoja, mjamzito, presha iko juu mno. Ilibidi apelekwe hospitali kuu siku hiyo hiyo, na kule walidai karatasi za kibali na anwani. Mama yule alikuwa ameshashika mkoba aondoke. Dada akasahau benchi lililojaa watu nyuma yake, akapaza sauti: "Mama wee, unakaa wapi kweli? Kibali unacho au huna?"

Mpagazi mmoja akainuka. "Haya, twendeni. Na hapa wameanza."

Benchi likabaki tupu. Muosha vyombo alipelekwa, dada akabishana mlangoni mwa hospitali mpaka mama yule akapokelewa, akajifungua salama mtoto wa kike. Lakini wiki iliyofuata hakuja mtu. Dada alizunguka mlango kwa mlango. "Jamani, mimi ni yuleyule."

"Tunajua, sista," alijibiwa kutoka ndani. "Ni yuleyule aliyeuliza."

Mwezi huo mpiga pasi mmoja, binti mdogo, alishikwa na uchungu chumbani kwake, mtaa wa pili tu kutoka zahanati. Wenzake waliogopa kumwita mkunga. Alivuja damu mpaka akafa, na mtoto naye.

Wapo waliomtetea dada kwamba aliokoa roho mbili. Ni kweli. Wapo waliosema agizo lenyewe lilikuwa na kasoro, kwamba lilimficha mgonjwa kwa askari likamficha na kwa mkunga pia. Hilo nalo ni kweli. Yeye hakupokea udhuru hata mmoja. Alistaafu mwaka 2013 na hakuzalisha tena.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019. Alivumilia matibabu bila kulalamika, akafariki tarehe 3 Februari 2024 asubuhi, mumewe akiwa kando yake. Alituagiza wasifu huu usimpambe.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano na sisi wadogo zake watatu. Alichoka sana, Mungu ampe pumziko. Swali lake lile liligharimu maisha ya binti mpiga pasi na mtoto wake.