Mkate wa Saa Tatu

Nyuma ya ghala la familia ya Perrachon, pale mteremko wa mizabibu unapokoma na uwanja wa mahema unapoanza, palikuwa na ubao mrefu uliolazwa juu ya mapipa mawili yaliyopasuka. Hapo ndipo wavunaji walipokaa kila alasiri, mikono ikiwa imepakaa weusi wa zabibu, wakingoja birika lichemke juu ya jiko la gesi. Walidhani wameletwa na mavuno tu. Lakini Bwana wa mavuno, awatoaye watu katika nchi zao na kuwaketisha wageni kwa wageni juu ya ubao mmoja, ana hesabu zake ambazo hamshirikishi mtu. Ijumaa ile kahawa iliiva kama kawaida, ila Millaray alilishika bakuli lake bila kunywa, kwa maana kabla ya chakula cha jioni ilimpasa kutoa jibu ambalo hakuwa nalo.

Millaray alikuwa ametoka Temuco, nchini Chile, hema mgongoni, akiwa na kibali cha kufanya kazi na kutembea kwa mwaka mmoja. Pale ubaoni, ndilo baraza lao, walimwita Kobe. Hakuwa mvivu, ila mvua iliingia hemani mwake wiki ya kwanza, akalala juu ya maji, na tangu hapo kila alipoinama mgongo ulimchoma kama msumari wa moto. Na mwaka huo haukuwa wa kuugua. Mvua ya mawe ilikuwa imepiga nusu ya mteremko, na Gaspard, nyapara na mwana wa nyumba ile, alikwisha tangaza kwamba ana mtu mmoja wa ziada: atakayekuwa wa mwisho kwa kuvuna kufikia Jumamosi atang'oa hema lake. Mashamba ya jirani yalikuwa yamepigwa vilevile. Hakuna aliyekuwa akiajiri.

Wa mwisho alikuwa Kobe. Kisha, Jumanne, jambo likatokea. Saa tatu asubuhi, wengine walipokwenda kwenye trela kula mkate na soseji, yeye alichukua fungu lake, akajilaza nyuma ya trela kuunyoosha mgongo. Aliporudi kwenye safu yake alikuta mizabibu ya mbele imekwisha vunwa, ndoo zimejaa, na juu ya kila ndoo jani bichi la kuzuia nzi. Jumatano vivyo hivyo. Alhamisi vivyo hivyo. Hakuna aliyesema neno, naye akamshukuru Mungu kwa machozi, kwa kuwa hakujua amshukuru nani mwingine.

Lakini shamba lile lilikuwa na sheria iliyowekwa tangu enzi za babu: saa ya mkate hakuna mkono unaogusa mzabibu. Anayeivunja anaondoka. Na asubuhi ya Ijumaa hiyo ndoo zilijaa tena, naye Gaspard akasimama mbele yake, akamwambia Millaray: "Kabla ya chakula cha jioni nataka kujua huu ni mkono wa nani. Kama ni wako, funga mizigo. Kama ni wa mwenzako, afunge yeye."

— Kunywa kahawa, binti. Jibu ninalo, alisema Redio.

Huyo alikuwa mzee Fernand, mwenyeji wa kijiji, mwenye nyumba nzuri ya mawe isiyo na mtu ndani yake. Waliompa jina hilo hawakumwonea, kwani hakuzimika.

— Haya, tuambie, mzee, alisema Millaray.

— Nguruwe mwitu.

Treni akapaliwa na kahawa. Treni alikuwa Ladislav, Mslovakia mwenye miguu mirefu, aliyevuna safu yake kana kwamba anafukuzwa.

— Nguruwe akajaza ndoo?

— Wewe kijana wa juzi unajua nini? Wawindaji wa huku wanawafuga toka wadogo. Nguruwe aliyefunzwa anashinda mbwa.

— Na jani juu ya ndoo, mzee?

— Adabu. Kafunzwa, nimekwambia!

— Mimi nimeviangalia vikonyo vya zabibu, alisema Millaray polepole. Jumanne vilikuwa virefu. Jumatano vifupi kabisa. Jana vimekatwa mshazari, safi, kama kwa kisu. Nguruwe gani huyo anabadilisha mkato kila siku?

Redio alikuna kidevu.

— Basi ni nguruwe watatu.

— Yesu na Maria! alisema Remedios, akiweka bakuli chini. Mnamtia mtoto wa watu wazimu, na nyapara anakuja.

Remedios alitoka Andalusia, na alikuwa amevuna mteremko ule tangu wanawe wakiwa tumboni mwake. Jina lake barazani lilikuwa Kanisa, kwa sababu hakupogoa, hakumenya kiazi wala hakufunga kamba ya hema bila kupiga ishara ya msalaba.

— Haya, Kanisa, toa mahubiri, alisema Treni.

— Sihubiri, nasema ukweli. Ni Mtakatifu Vinsenti. Si ndiye msimamizi wa mizabibu? Ameona msichana anaumwa, ameshuka.

— Ameshuka na mkasi?

— Atakosaje mkasi, mbinguni kote kule!

— Mama, mtakatifu hawezi kuja saa ya mkate, alisema Treni. Hiyo ni kuvunja sheria ya shamba. Mtakatifu anayevunja sheria ni mtakatifu gani?

Kanisa alimtazama kwa jicho kali.

— Yuko mmoja aliyeponya watu siku ya mapumziko, nao wenye sheria wakanuna. Tafuta habari zake kabla hujafa.

Treni akajaribu la kwake: kwamba ni mashine. Alikuwa amesikia kwamba kuna kampuni inayojaribu mashine ndogo, ya ukubwa wa paka, isiyo na sauti, inayovuna kwa siri ili wakulima wasije wakaandamana.

— Ya ukubwa wa paka, alirudia Redio.

— Hata ndogo zaidi.

— Halafu inabeba ndoo?

— Ziko nyingi, mzee! Zinashirikiana!

— Afadhali nguruwe wangu. Sikilizeni, sasa nasema lile nililokuwa naogopa kulisema. Ni marehemu mzee Perrachon mwenyewe, baba yake Gaspard. Hawezi kutulia kaburini zabibu zikiwa bado mtini.

— Wewe Redio! Si ulituambia marehemu alikuwa hanyanyui hata kijiko? alisema Kanisa.

— Ndiyo maana anafanya sasa! Anafidia!

Wakacheka, na Millaray akacheka nao. Aliwatazama wote watatu. Walikuwa wamechoka, macho yamewaingia ndani; hata Treni, ambaye wiki iliyopita alikuwa akimaliza safu kabla ya kila mtu, siku hizi alifika mwisho akihema pamoja na walio nyuma.

— Ndugu zangu, alisema. Gaspard nikimpelekea nguruwe na mtakatifu, atanicheka kisha atanifukuza. Na nikisema ni mimi, nitakuwa nimesema uongo. Sijaiba saa yake. Lakini huyo aliyefanya, hata kama simjui, siwezi kumtoa. Alinyanyua ndoo kwa ajili ya mgongo wangu. Nyumbani nina mama anayenisimulia wema wote aliotendewa na watu, kila mmoja kwa jina. Mimi nitamsimulia nini? Jani?

Redio mwenyewe alizimika.

Ndipo mlango wa nyuma wa jiko la nyumba kubwa ukafunguliwa, akatoka Bibi Perrachon, mjane wa marehemu, mama yake Gaspard. Wote wakasimama. Bibi huyu aliwapikia wavunaji tangu alipoolewa, na hakuna aliyewahi kumwona akiketi barazani. Dunia yake ilikuwa jiko na kanisa. Alikuja akikokota viatu vyake vya mbao, kapu limefunikwa kitambaa mkononi.

— Kaeni, kaeni, wanangu. Mimi si askofu.

— Karibu kahawa, bibi, alisema Kanisa.

— Sitaki kahawa. Nina swali dogo tu.

Akafunua kitambaa. Ndani ya kapu mlikuwa na vipande vya mkate, soseji na jibini, vimepangwa vizuri kama alivyovipanga asubuhi.

— Kila siku nakata mkate kwa idadi ya vichwa. Tangu Jumanne, kila siku linabaki fungu la mtu mmoja. Leo yamebaki mafungu matatu. Mwanangu ameniuliza kama kuna mtu asiyekula saa ya mkate. Nimwambie nini?

Treni akaangalia vidole vya miguu yake. Kanisa akaanza kupiga ishara ya msalaba, mkono ukamkwama kifuani.

Naye Millaray akaelewa. Vikonyo virefu: hivyo ndivyo walivyokata kwao Kanisa, kule Andalusia, zabibu za kuliwa mezani. Vifupi vya Treni mwenye haraka. Na ule mkato wa mshazari ulikuwa wa kisu cha mzee. Leo walikuwa wamekwenda wote watatu, kwa sababu kesho ndiyo hukumu. Watu watatu wenye njaa, kila mmoja akihatarisha kazi yake, walikuwa wameketi alasiri nzima wakimtafutia nguruwe.

Alisimama, mgongo ukimchoma.

— Mwambie ni mimi, bibi. Nimekosa hamu ya kula.

— Mwongo, alisema Treni. Ni mimi.

— Ni mimi, bibi, nakuapia, alisema Kanisa.

— Hawa watoto wanajipendekeza tu, alisema Redio. Mimi nina nyumba yangu, nikifukuzwa nitalala kitandani. Andika mimi.

Bibi Perrachon aliwatazama mmoja mmoja, muda mrefu, kwa ukali wa mama ambaye hajawahi kumdekeza mtoto. Nao waliinamisha vichwa. Maana sheria ilikuwa imevunjwa, na hakuna pale aliyejifanya haikuvunjwa. Ila iko haki inayofukuza, na iko haki inayomtazama kwanza aliyeanguka njiani. Macho ya yule bibi yakalowa.

— Tangu nimzae Gaspard sijamdanganya hata mara moja, akasema. Sitaanza leo kwa ajili yenu.

Akaketi juu ya ubao, baina ya Kobe na Redio, akaliweka kapu magotini. Akatwaa mkate, akainamisha kichwa kwa kitambo, akaumega na kuwagawia.

— Kuleni. Kuleni mpaka kapu liwe tupu. Nikirudi ndani nitamwambia mwanangu nilichokiona kwa macho yangu: kwamba leo wote wamekula, na hakuna kilichobaki. Pasipo fungu lililobaki, hana mkono wa kumfukuza.

Wakala kwa pupa, wala hawakuona haya. Millaray aligeuka kwanza kwa Kanisa, kisha kwa Treni, kisha kwa mzee Fernand, akamshukuru kila mmoja kwa jina lake alilopewa na mzazi wake, naye bibi akaendelea kumega.