Kunde Kanga za Bwanaheri

Wasifu wa marehemu Bwanaheri bin Mwinjuma, uliosomwa na mpwa wake Mikidadi katika hitima ya arubaini, Kerege, Julai 1979

Wazee wetu, mama zetu na ndugu, asalaam alaikum. Kabla sahani hazijapita, tumkumbuke kwanza mwenye shughuli.

Marehemu alizaliwa Mlingotini mwaka 1920, mtoto wa pili wa Mzee Mwinjuma na Bi Mwanabaraka. Baba yake alikuwa mvuvi, lakini marehemu bahari hakuipenda hata kidogo. Alikuwa akitapika mashua ikiwa bado imefungwa. Alisoma chuoni mpaka akahitimu Kurani, kisha akaenda shule ya serikali Bagamoyo hadi darasa la nne, akatoka na mwandiko mzuri aliojivunia maisha yake yote.

Kazi yake ilikuwa ukwezi. Toka Mlingotini hadi Kerege ni minazi michache ambayo hakuikwea, na kwa kuwa kule juu aliona viambo vyote, habari za watu alizijua kabla ya wenyewe. Siku moja mwaka 1946, akiwa juu ya mnazi hapa hapa Kerege, aliona shamba la Mzee Pazi limefunikwa na kunde, na katikati yake binti anapalilia. Akashuka kuomba maji. Akapewa maji, na bakuli la kunde za nazi juu yake, na tangu siku hiyo hakupata raha.

Kunde zenyewe ni hizi tunazoziita kunde kanga, kwa yale madoa yake meusi na meupe kama ya ndege kanga. Ukoo wa Mzee Pazi ulikuwa na mwiko wake: jirani atapewa zilizopikwa, hata kila siku akitaka, lakini mbegu haitoki nyumbani ila na binti anayeolewa. Marehemu akapeleka posa. Mshenga wake, Mzee Kitwana, alisema maneno mazuri, na wenyeji wakakubali. Hapo marehemu, aliyekuwa amejibanza nje ya dirisha, akashindwa kujizuia.

"Mzee Kitwana, na kunde je? Umeziulizia?"

Nyumba nzima ilisikia, na Bi Ashatu, mposwa mwenyewe, alisikia pia. Aliolewa, akaja na kibuyu chake cha mbegu, lakini lile neno lilibaki ndani ya nyumba. Kila walipokorofishana alimwuliza, "Bwana we, uliposa mimi au uliposa kunde?" Marehemu alicheka tu, akaenda zake shamba. Mwenziwe aliuliza kwa mzaha, lakini alitaka jawabu, na kukosa jawabu kulimuuma. Marehemu hakujaaliwa maneno ya mapenzi.

Zile kunde alizilinda kuliko hata wenye ukoo. Mbegu alizichanganya na majivu, akazitia kibuyuni, akakitundika jikoni penye moshi. Wanawake waliokuja kusaidia kupukuchua aliwasindikiza kwa macho mpaka wafike njiani, na kabla ya kuondoka sharti wakung'ute khanga zao. Shemeji yake, Bi Mwaija, mke wa mdogo wake, alimwambia usoni: "Shemeji, wewe hata punje ikinasa kwenye jino la mtu utaifuata kwake."

Mwaka 1974 mvua zilikataa, kunde zikakauka zikiwa changa. Kaka zake Bi Ashatu walikwishahamia Dar es Salaam na kuacha kulima, kwa hiyo kunde kanga zote tulizozijua zilikuwa ndani ya kibuyu kile. Ndipo Bi Ashatu aliposhikwa na homa ya matumbo. Alirudi kutoka hospitali amebaki mifupa. Uji hautaki, samaki hamtaki. Mchana mmoja akasema kwa sauti ndogo kwamba roho yake inatamani kunde za nazi.

Marehemu alitungua kibuyu. Akaosha majivu, akakuna nazi mwenyewe, akapika, akaunguza kidogo. Bi Ashatu akala bakuli zima. Kesho yake alipotoka kuota jua, akakiona kibuyu kimeinamishwa uani, kitupu.

"Umepika mbegu?"

"Nimepika kunde," akajibu marehemu. "Ziliungua, niwie radhi."

Bi Ashatu alilia pale pale uani. Swali lake hakulirudia tena mpaka mwaka huu.

Masika yalipofika, marehemu alitoka na jembe akakaa tu kwenye tuta, hana cha kupanda. Mara akatokea Bi Mwaija. Akafungua fundo la khanga: kunde kanga! Kumbe miaka yote ile ya kupukuchua alikuwa akiondoka na punje mdomoni, ndiyo maana alikuwa akiaga kwa kutikisa kichwa. Alizipanda nyuma ya bafu lake, zikanyweshwa na maji ya kuogea hata mwaka ule wa ukame.

"Shikamoo, mwizi," akasema marehemu.

"Marahaba, mchoyo," akajibiwa.

Wakapanda pamoja siku hiyo hiyo.

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua, na daktari akamkataza minazi. Mwezi Mei mwaka huu akalazwa hospitali Bagamoyo. Siku moja Bi Ashatu, akimnywesha uji, alimwuliza tena, safari hii kwa mzaha mtupu: siku ile juu ya mnazi, uliona nini kwanza?

"Kunde," akasema marehemu, huku amemshika mkono. Wakacheka mpaka muuguzi akaja kuwanyamazisha.

Alifariki alfajiri ya Ijumaa, tarehe 8 Juni 1979, na akazikwa siku hiyo baada ya sala. Ameacha mjane wake, Bi Ashatu, watoto wake Mosi, Rehani na Tabia, wajukuu, na mwizi wake, Bi Mwaija, ambaye sasa hivi yuko jikoni anawapikia. Mola amsamehe, amkunjulie kaburi lake, na ampe mapumziko mema.

Kunde mtakazokula ni za shamba lake. Wasia wake ulikuwa kwamba kila atakayefika leo apewe na mbegu. Bi Ashatu amekaa eda, hatoki, lakini mafundo yaliyomo kwenye pakacha pale mlangoni ameyafunga yote kwa mkono wake. Chukueni, ndugu zangu. Hakuna haja ya kuleta posa.